Sambusa Penye Maji ya Chai

Majina ya mahali ni hati za historia, na mwalimu anayefundisha chini ya Mlima Meru anayo hati moja nzuri mlangoni pake. Katika barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, msafiri akishaupita mji mdogo wa Usa River hufika mahali paitwapo Maji ya Chai. Jina hilo limetokana na rangi ya maji ya mto upitao hapo, ambayo huonekana ya hudhurungi kama chai isiyotiwa maziwa. Basi na tufikiri kidogo. Ili mtu ayafananishe maji na chai, hana budi awe amekwisha kuiona chai kikombeni. Na chai si mmea wa asili wa nchi hii, wala neno lenyewe si la Kibantu, kwani chimbuko lake ni Uchina, nalo likapitia Uajemi na India kabla ya kufika katika lugha yetu. Kwa hiyo jina la Maji ya Chai haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko desturi ya kunywa chai katika miteremko ile, ilhali Wameru walikwisha kulima migomba hapo muda mrefu kabla yake.

Nimeanza na chai kwa kuwa habari ninayotaka kuieleza ni ya mwenzake aliye sahanini. Wapo wanaodai kwamba tukitaka kuandika juu ya vyakula vya taifa letu inatupasa kuandika juu ya ugali, ndizi, makande na loshoro tu, na kwamba sambusa, bajia na katlesi ni vitu vya wageni visivyostahili ukurasa. Dai hilo lina heshima yake, maana lilizaliwa wakati wa kujikomboa, watu walipokuwa wamechoka kuambiwa kwamba kila kilicho chao ni cha kishenzi. Hata hivyo, Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alionya pande zote mbili: taifa lisidharau mila zake, wala lisikatae kujifunza kutoka kwa wengine. Swali la mwanahistoria basi si kama chakula fulani kilitoka nje. Swali ni kwa njia gani kiliingia, nani alikipokea, na kwa nini kimoja kilibaki na kingine kikaondoka.

Asili ya neno sambusa ni Kiajemi. Waarabu wa Baghdad walikijua chakula hicho tangu enzi za Makhalifa wa Kiabbasi, na kimetajwa katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa katika mji huo mwaka 1226. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja ambaye kila mwanafunzi wa historia ya pwani amemsoma, alifika Mogadishu na Kilwa mwaka 1331. Huko Mogadishu alisifu wali wa samli uliowekewa mchuzi, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na ya pilipili. Hakutaja sambusa. Lakini alipofika India miaka michache baadaye, aliikuta mezani pa Sultani wa Delhi: unga mwembamba uliofungwa juu ya nyama iliyopondwa na kuchanganywa na lozi, jozi, vitunguu na viungo, kisha ukakaangwa kwa samli. Ukimya wake kuhusu pwani yetu hauthibitishi kwamba sambusa haikuwapo huku, ila unatuzuia kusema kwa uhakika kwamba ilikuwapo.

Viazi na pilipili tunavyovitia leo havikuwapo katika sambusa ya Delhi, kwa sababu mimea hiyo miwili ni ya Amerika nayo ilivuka bahari baada ya safari za Wazungu wa karne ya 15 na ya 16. Hivyo sambusa ya viazi inayouzwa kando ya barabara ni mkutano wa mabara matatu: jina la Uajemi, kiazi cha Amerika, bizari nyembamba iliyopitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na mkono wa mama wa Kiafrika.

Tuutazame mkono huo, kwani katika ufundi ndimo historia ilimojificha. Unga wa ngano hukandwa kwa maji, chumvi na mafuta kidogo, ukagawanywa katika madonge. Donge husukumwa kiasi, likapakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, likawekwa juu ya jingine. Yakifika matatu au manne husukumwa pamoja mpaka yawe duara moja pana. Duara hilo hupitishwa juu ya chuma cha moto kwa muda mfupi tu, kisha tabaka zake hubanduliwa zingali moto. Hizo ndizo manda. Hukatwa vipande virefu, vikakunjwa kuwa mfuko wa pembe tatu, nyama ikatiwa, na mdomo ukafungwa kwa uji mzito wa unga. Nyama yenyewe ni ya kusaga, nayo huitwa kima (mwanafunzi asimdhanie yule mnyama wa mitini, neno hili limetoka India), nayo hukaushwa kwa tangawizi, kitunguu saumu, giligilani na ndimu. Kufungua tabaka bila kuzipasua ni ujuzi usiopatikana kwa kusoma. Msichana huupata kwa kusimama karibu na mtu anayeujua.

Je, ujuzi huo ulifikaje Meru? Pwani ulikuwa na njia zake, na mwezi wa Ramadhani majirani walipelekeana sahani za futari kama wanavyofanya hata leo. Bara njia ilikuwa nyingine. Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwaka 1900, na maduka ya Wahindi yakafuata kandokando yake. Waswahili na Wasomali nao walikaa mjini kwa biashara. Reli iliyofika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilifikishwa Arusha mwaka 1929, nayo ikarahisisha usafirishaji wa bidhaa za dukani. Lakini utawala wa kikoloni uliwagawa watu katika mitaa kwa rangi zao, hivyo mara nyingi Mwafrika aliyeingia katika jiko la Mhindi au la Mzungu aliingia kama mpishi au yaya, si kama jirani. Jambo hili tusilipambe. Mapishi mengi tunayoyaita ya kubadilishana yalipita mlango wa nyuma, na aliyeyapika kwa mshahara mdogo hakualikwa kuketi ayale.

Sambusa haikuwa peke yake katika nchi hii. Miteremko ya Meru ilikaliwa na walowezi wa Kigiriki, ambao kwao hupika tabaka nyembamba za unga zilizotiwa jibini au mchicha. Tena mwaka 1942 serikali ya Waingereza ilifungua kambi ya wakimbizi wa Kipolandi huko Tengeru, kilomita chache magharibi ya Maji ya Chai. Watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walikaa katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa majani. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Warusi hadi Siberia, kisha wakapitia Uajemi, nchi ile ile iliyotupa neno sambusa, wakaletwa Afrika. Kwao chakula kipendwacho ni pierogi, yaani unga uliokunjwa juu ya viazi, jibini, kabichi au nyama, ukachemshwa. Vita vilipokwisha waliondoka kidogo kidogo kwenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko, na makaburi yao yamebaki Tengeru hadi leo.

Mbona basi leo mchuuzi wa Maji ya Chai huuza sambusa na si pierogi? Kwa maoni yangu sababu kubwa si utamu. Wapolandi walikaa takriban miaka 10 katika kambi iliyotengwa, na jibini haikuwa chakula cha wenyeji waliozoea maziwa ya mgando. Mgiriki naye alikuwa na shamba na wapagazi, hakuwa na genge la kuuzia watu chakula. Sambusa ilikuja na watu waliofanya biashara ya rejareja kwa Kiswahili. Huuzwa moja moja, hushikwa kwa mkono, haihitaji sahani wala kijiko, haimwagiki safarini, na asiye na fedha za nyama huweza kujaza viazi. Chakula kinachoweza kununuliwa kwa sarafu moja husafiri mbali kuliko kile kinachosubiri mwaliko.

Nyumbani nako ilipata desturi iliyoipokea. Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Iliyoletwa na sambusa hurudi na ndizi mbivu, au loshoro, au mayai. Kwa njia hiyo Mwislamu, Mlutheri na Mhindi walionja vya wenzao bila mtu yeyote kuitisha mkutano.

Iko hesabu moja ambayo mlaji haioni. Unga wa manda hautoki Maji ya Chai. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Hanang, ambazo wakati huo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha, ili nchi ipunguze kuagiza ngano kutoka nje. Nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wabarabaig, na humo mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishtaki Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, na baadaye Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Katika miaka hiyo hiyo unga wa ngano ulikuwa haba madukani, watu wakapanga foleni, na akina mama waliozoea kukaanga sambusa na maandazi alfajiri walirudi kwenye mihogo na viazi vitamu hadi unga ulipopatikana tena.