Karibu, Yapata, Hivi: Historia ya Maneno ya Kukadiria

Katika kata ya Kabungu, Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, Kiswahili ndiyo lugha inayowakutanisha Wabende, Watongwe, Wafipa na Wasukuma, ambao kila mmoja ana lugha yake nyumbani. Anayetaja kwa Kiswahili umri wa mzee, idadi ya ng'ombe au mwendo wa kufika Mpanda mjini mara nyingi huongeza neno la kukadiria, yaani neno linalomjulisha msikilizaji kwamba kinachotajwa kiko jirani na ukweli. Wapo wanaoyaona maneno hayo kuwa dalili ya uzembe, lakini historia yake inaonyesha kuwa ni utaratibu wa kupima uhakika, na kwamba kila moja lina daraja lake.

Baadhi yalitoka katika Kiarabu na kuingia bara kupitia pwani. "Karibu" na "takriban" ni ya mzizi mmoja wa konsonanti tatu, q-r-b, wenye maana ya kuwa jirani, ila yaligawana kazi: la kwanza likawa neno la kila siku, likatumika hata kumwalika mgeni, na la pili likabaki katika maandishi na taarifa za habari. "Kadiri" lilizaa "makadirio", na leo Bunge la Tanzania hujadili makadirio ya mapato na matumizi, hesabu zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa ambazo jina lake bado linakiri kwamba mwaka wenyewe haujafika. "Kiasi" lina historia nzito zaidi. Katika elimu ya sheria ya Kiislamu, neno lililolizaa ni jina la njia ya kutoa hukumu kwa kufananisha, ambapo jambo lisilotajwa katika matini hupewa hukumu ya jambo lililotajwa iwapo yanashirikiana sababu, kama vile vileo vingine vilivyopewa hukumu ya mvinyo wa zabibu. Kufanana, ambako wengi hukuchukulia kuwa ujuzi wa nusunusu, kumekuwa hapo chombo cha hoja kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Njia nyingine ni za Kibantu. Neno "hivi" hufuata idadi na kuilegeza, kama katika "watu kumi hivi", ilhali "yapata" hutangulia muda uliopita, kama katika "yapata miaka ishirini". Kiambishi "ki-", yaani kipande kinachotangulia shina la neno, huonyesha namna na mfanano, ndiyo maana anayelia kitoto si lazima awe mtoto, na rangi ya kijivu si jivu lenyewe. Takrira, yaani kurudia neno zima au sehemu yake, hupunguza ukali wa sifa: nguo iliyo majimaji haijakauka, wala haichuruziki. Kiingereza kilifika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Kiambishi chake tamati "-ish", ambacho zamani kilitaja watu wa taifa fulani na bado kimo katika jina la lugha hiyo, kilianza kuambatana na rangi katika karne ya 14, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 kikaanza kuambatana hata na saa. Lugha hizo mbili hazina nasaba, lakini kila moja ilichukua kipande cha kutaja "namna ya watu fulani" na kukifanya cha kutaja kinachokaribiana.

Katavi yenyewe ilipitiwa na historia hii kwa miguu. Mwishoni mwa 1871 Henry Morton Stanley na David Livingstone waliondoka Ujiji, wakapita Ukawendi, nchi ambayo sehemu yake leo imo mkoani humo, na kufika Unyanyembe, karibu na Tabora, Februari 1872. Katika misafara ya aina hiyo umbali ulihesabiwa kwa siku za mwendo, na siku ilirefuka au kufupika kwa kutegemea mvua, mzigo na maji ya njiani. Kipimo hicho kilikuwa na busara, kwa kuwa kilimwambia mpagazi alichohitaji kujua, yaani atalala wapi na atakula nini. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi na kukamilika karibu na mwaka 1950, ilileta hesabu ya aina nyingine, kwa kuwa nauli na uzito wa mzigo havikadiriwi kwa mvua.

Baadhi ya maneno yamepoteza ulegevu wake. "Mnamo" liliwahi kumaanisha "karibu na wakati fulani", kama katika "mnamo saa tano", lakini sasa magazeti huliweka mbele ya tarehe kamili, kama "mnamo tarehe 9 Desemba 1961", na hapo halikadirii lolote. Ni hasara, kwa kuwa anayetaka maana ya awali analazimika kuongeza neno jingine.

Kwingineko ulegevu umebaki pale ambapo haufai. Mnunuzi wa mahindi anayejaza gunia hadi likafunikwa kwa kilemba cha kamba, yaani lumbesa, bado huliita gunia moja, ingawa kanuni za vipimo zinataka lisizidi kilo 100. Ziada hiyo hailipiwi, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo huwahimiza wakulima kuuza kwa mzani.