Debe la Julai, Njaa ya Februari: Nani Alipie Chakula cha Mwanafunzi Bonde la Kilombero

Mwezi Juni 2020 mshambuliaji wa Manchester United, Marcus Rashford, aliibana serikali ya Uingereza mpaka ikakubali kulipia chakula cha watoto wa kaya maskini katika likizo yote ya kiangazi. Hoja yake haikuhitaji shahada kuielewa: mtoto anayekula bure shuleni hubaki na njaa shule ikifungwa. Ukiipeleka hoja hiyo Ifakara, Tanzania, kama ilivyo, haisimami. Bondeni Kilombero shule zinapofungwa Juni ndipo mpunga unapovunwa, na hata mtoto wa kibarua hulala ameshiba. Njaa kubwa ya huku huja shule zikiwa wazi, kuanzia Januari hadi Aprili, mvua zikinyesha na mpunga ukiwa bado kijani. Kwa hiyo swali la nani alipie chakula cha mtoto maskini ni lilelile la Uingereza, ila kalenda imegeuka.

Ninachodai katika makala hii ni kwamba bonde hili halikosi chakula cha kuwapa wanafunzi wake, na fedha za kukipika si nyingi kiasi cha kutisha. Kilichoharibika ni wakati wa kuchangishana, pamoja na mpango unaomwachia mzazi mzigo wote katika miezi ambayo hana kitu.

Anayelijua bonde anaijua kalenda yake. Mashamba huandaliwa Novemba na Desemba, mbegu humwagwa mvua zikikolea, na mavuno huanza Mei na kuendelea hadi Julai. (Penye skimu za umwagiliaji, kama Msolwa Ujamaa na Njage, kalenda hii hulegea kidogo, lakini wakulima wengi bado wanaitegemea mvua na maji ya mto.) Mashamba mengi yako mbali, ndani ya uwanda wa mafuriko uleule ulioingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Msimu ukianza, familia huhamia huko, hulala kwenye dungu na kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Watafiti wa malaria wa Ifakara wameuandika uhamaji huu kwa miaka mingi, kwa sababu dungu liko mbali na zahanati na karibu na mbu. Walimu nao wanaujua, kwa sababu liko mbali na shule. Mtoto ama huenda na wazazi na dawati lake kubaki tupu, ama huachwa mjini kwa bibi, au na dada yake wa darasa la sita, na unga wa kupima kwa kikombe.

Juu ya hayo, mpunga wa Kilombero ni chakula na ni benki. Ada ya mtoto wa sekondari binafsi, bati, matibabu, msiba, vyote hutoka kwenye gunia lilelile. Wako wanaouza mpunga ungali shambani kwa bei ya shida. Wengine huuza Julai, bei ikiwa chini, kwa kuwa wadai hawasubiri Februari. Tangu daraja la Mto Kilombero lifunguliwe mwaka 2018 na kukipumzisha kivuko, malori kutoka Ulanga na Malinyi yanaingia Ifakara bila kungoja foleni ya majini. Hiyo ni heri kubwa kwa mkulima, na ni njia fupi zaidi ya mchele kutoka bondeni. Ikifika Februari, aliyeuza mpunga Julai anakwenda dukani kununua unga wa sembe.

Hapa ndipo takwimu za taifa zinapotupoteza. Tumezoea kuitafuta njaa palipo na ukame. Mpango wa Chakula Duniani ulipogharimia chakula cha shule kwa miaka mingi, ulikwenda Dodoma, Singida, Shinyanga, Arusha na Manyara, na kwa mantiki ya mvua haukukosea. Lakini utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa watoto chini ya miaka mitano uko asilimia 30 kitaifa, huku Iringa ikiwa na 57, Njombe 50 na Rukwa 50. Hiyo ni mikoa inayolisha miji. Ghala la taifa linaweza kujaa huku chungu cha mlimaji kikiwa kitupu, na Kilombero, inayosifiwa kwa mchele kuliko karibu wilaya yoyote nchini, haipo kwenye ramani ya njaa ya mtu yeyote.

Sera inasemaje? Elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016, Serikali ilibeba ada na michango ya lazima. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kwa mzazi. Mwanafunzi wa bweni wa shule ya serikali ametengewa shilingi 1,500 kwa siku. Mwanafunzi wa msingi ana ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwaka, ambayo 6,000 hufika shuleni na iliyobaki huenda kwenye vitabu. Yaani kile ambacho shule ya msingi ya kutwa hupokea kwa mtoto mmoja mwaka mzima, kwa chaki, ukarabati na mengineyo yote, ni mlo wa siku nne wa mwenzake wa bweni. Mikataba ya lishe iliyosainiwa na wakuu wa mikoa, ule wa kwanza mwaka 2017 na uliofuata mwaka 2022, imezibana halmashauri kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ni hatua njema. Akitimiza miaka sita na kuvaa sare, bajeti inamsahau.

Kinachobaki ni mchango wa hiari, na hiari ya huku ina daftari. Mkutano wa wazazi hukaa Januari, hukubaliana kiasi cha mahindi, maharage na fedha ya mpishi, na majina huandikwa. Aliyelipa, mtoto wake anakula. Asiyelipa, mwalimu anabaki na uamuzi ambao chuo cha ualimu hakikumfundisha: amnyime uji mtoto wa miaka minane mbele ya wenzake, au ampe na kuvunja nguvu ya daftari. Nimewasikia walimu wakisema huwapa kimyakimya. Nimewasikia na wengine ambao hawawapi. Mara nyingi shule hukimbilia suluhisho la tatu, ambalo ni kupika kwa madarasa ya mitihani pekee, la nne na la saba, kwa kuwa hao hubaki jioni kwa masomo ya ziada na ufaulu wao ndio unaobandikwa ukutani. Sufuria basi hufuata matokeo badala ya njaa. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye mwili na akili yake vinauhitaji mlo ule zaidi, hutumwa nyumbani adhuhuri.

Tufanye hesabu, na tuifanye kwa debe badala ya shilingi, maana bei hubadilika na debe halibadiliki. Chukua gramu 120 za mchele kwa mtoto kwa siku, kipimo cha wastani cha mlo wa mchana. Kwa siku 60 za masomo, ambazo zinatosha kuivusha miezi ya njaa, ni kilo 7.2. Mpunga ukikobolewa hutoa mchele wa takriban asilimia 65, kwa hiyo ni kilo 11 za mpunga, ambazo hazipungui wala kuzidi sana debe moja. Debe moja la mpunga kwa mtoto mmoja. Shule yenye wanafunzi 600 inahitaji tani sita na nusu hivi, ambazo zinaingia kwenye chumba kimoja cha stoo. Mzazi yuleyule ambaye Februari hana shilingi ya kuipa kamati, Julai ana magunia uani. Anayemwomba debe Julai anaomba sehemu ndogo ya mavuno. Anayemwomba thamani yake Februari anamwomba akope.

Hatua ya kwanza, basi, ni ya kamati za shule na serikali za vijiji, na haingoji waraka mpya: mkutano wa chakula uhame kutoka Januari kwenda Juni, na mchango uwe mpunga. Mpunga usiokobolewa hukaa vizuri kuliko mchele au mahindi, na mifuko isiyopitisha hewa, ile inayouzwa kwa jina la kinga njaa, huondoa haja ya dawa za kuulia wadudu. Jambo hili si dogo. Mwezi Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichochanganyika na sumu ya wadudu. Stoo ya shule isiwe na chupa ya dawa hata moja.

Lakini debe la mzazi halimfikii mtoto wa asiye na shamba, na Ifakara inao wengi: vibarua wa mashamba ya watu, wapangaji wa Viwanja Sitini na Lipangalala, akina mama lishe, vijana wa bodaboda wenye watoto wawili. Wala debe halinunui maharage, ambayo hayastawi bondeni na hushuka kutoka nyanda za juu kwa bei ya fedha taslimu. Sehemu hii inapaswa kulipwa na halmashauri, na chanzo chake kinapita barabarani kila siku. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Asilimia 2 ya gunia la kilo 100 ni thamani ya kilo mbili za mpunga. Lori la tani kumi likipita kizuizini huacha, kwa kipimo hicho, thamani ya kilo 200, yaani madebe ya watoto 18 kwa msimu mzima wa njaa. Sidai ushuru wote uende jikoni, kwa kuwa una zahanati na madaraja ya kujenga. Nadai sehemu yake itengwe kwa sheria ndogo. Sheria imekwisha kuzilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na anga haikuanguka. Upande wa miwa, kule Kidatu, wakulima hulipwa kupitia vyama vya ushirika, kwa hiyo kukata ni rahisi zaidi. Ni rahisi mno, kwa kweli: wakulima wa miwa wanalalamikia makato tayari, na kuwaongezea jingine kungeuzika mpango mzima. Bora kugawa upya kilichokwisha kukatwa.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi si lile la "mzazi amlishe mwanawe", ambalo debe la Julai linalijibu. Ni la wizi. Chakula huibika kuliko chaki, na kila mtu bondeni ana hadithi ya stoo iliyofunguliwa usiku. Nisichokubali ni hitimisho lake, kwamba kwa kuwa huibiwa kisiwepo. Mpunga una faida moja ambayo fedha haina, nayo ni kuonekana. Magunia 66 yanahesabika na mzazi yeyote aliyesimama mlangoni, wakati salio la akaunti ya shule linahesabiwa na watu watatu.

Kuni ni shida nyingine. Tangu Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilipositisha uokotaji wa kuni mwaka 2011, vijiji vya Mang'ula na jirani vimekuwa vikinunua au kuhangaika, na agizo la Serikali la kuzitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa lilikwisha fikia tarehe yake Januari 2024. Pumba ngumu za mpunga, zile za ganda, hulundikana nyuma ya kila mashine ya kukoboa na kuchomwa bure au kutumika kuchomea matofali. Majiko ya kuzitumia yapo. Hapo halmashauri ingeweza kuanza na shule moja tu jirani ya mashine.

Je, alishwe maskini peke yake? Orodha za kaya maskini za TASAF zipo kila kijiji, na wahasibu watazipenda. Ningezitumia kuamua nani asidaiwe debe, kamwe si kuamua nani apewe sahani. Foleni ya sufuria ikishagawanyika katika wa kulipa na wa bure, tumelirudia daftari kwa jina jingine. Rwanda imechukua njia ya kulisha wote: sehemu kubwa hubebwa na serikali, mzazi wa shule ya msingi hulipa faranga 975 kwa muhula, na sufuria ni moja. India ilifika hapo kwa amri: Mahakama ya Juu iliziagiza serikali za majimbo Novemba 2001 kuwapa watoto wa shule za msingi za umma chakula kilichopikwa, na Aprili 2004 ikaongeza kwamba katika maeneo yenye ukame kitolewe hata shule zikiwa zimefungwa kwa likizo.

Amri hiyo ya pili inanirudisha Kilombero, kwenye Desemba. Shule zimefungwa, mavuno ya mwisho yamekwisha kwa wengi, wazazi wako mashambani wakilima. Likizo yetu yenye njaa ni hii. Shule ya Ifakara mjini inaweza kufungua jiko mchana kwa watoto walioachwa, mpishi mmoja na mwalimu mmoja wa zamu. Kwa mtoto aliye kwenye dungu jibu langu ni dhaifu zaidi. Shule shikizi zilizojengwa karibu na makazi ya mbali zingeweza kuwa na sufuria hata kabla ya kuwa na madarasa yote, na mzazi angekuwa na sababu ya kumtoa mtoto kwenye kufukuza ndege. Sina hakika kwamba angemtoa. Ndege hula mpunga alfajiri na jioni, na kombeo lazima liwe na mtu.

Madiwani hujadili bajeti ya mwaka unaofuata kati ya Januari na Machi, miezi ambayo madarasa yanasinzia ikifika saa tano. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, mpunga ukiwa bado unaanikwa kwenye maturubai.