Vita vya Watumwa Ng'ambo ya Ziwa

Ukitaja vita vya wenyewe kwa wenyewe juu ya utumwa, wengi watakutajia Marekani ya 1861 hadi 1865, Lincoln na Gettysburg. Sawa. Lakini sisi tulioko huku Kabanga tunavyo vya jirani, vilivyopiganwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kati ya 1892 na 1894, na mmoja wa wakuu wake alikuwa na makao yake pale Ujiji.

Huyo ni Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza. Upande wake walikuwa Waarabu na Waswahili wa biashara ya pembe na watumwa, akiwamo Sefu, mwana wa Tippu Tip. Upande wa pili ni Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Naam, Leopold yule yule ambaye mwaka 1887 alimfanya Tippu Tip kuwa gavana wake kule Stanley Falls! Miaka mitano baadaye dola yake ikawa vitani na wauza watumwa. Mimi nasema alichokitaka zaidi ni pembe: zishuke kwa mto Kongo, zisivuke ziwa kuja Ujiji na kwenda zao pwani.

Vita viligeuzwa na mtu mmoja, Ngongo Lutete, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, kisha akawa mkuu wa vita wa akina Tippu Tip. Mwaka 1892 alishindwa na majeshi ya Dhanis, akahamia kwao na watu wake wote. Sefu akadai arudishwe, akavuka mto Lomami, akapigwa. Machi 1893 Nyangwe ikaanguka, Aprili ikafuata Kasongo. Tusisahau kwamba waliokufa pande zote mbili walikuwa hasa Waafrika.

Je, Ngongo alilipwa nini? Septemba 1893 maofisa wa Kibelgiji walimshitaki kwa usaliti, wakampiga risasi. Watu wake hawakusahau: mwaka 1895 askari wa Luluabourg, wengi wao waliokuwa wafuasi wake, waliasi.

Rumaliza alivuka ziwa kwenda kuokoa jahazi. Sefu akafa vitani Oktoba 1893, na Januari 1894 ngome ya Rumaliza ikatekwa, naye akakimbilia upande wa Wajerumani. Ikawa mwisho wa vita. Wakongo waliookolewa kutoka minyororo ya misafara wakapelekwa kugema mpira kwa viboko vya Leopold.

Na huku kwetu? Wajerumani hawakufuta utumwa. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa ililetwa na Waingereza mwaka 1922, miaka 28 baada ya Rumaliza kushindwa.