Kibano cha santuri: kilikuja, kikatoweka, kikarudi

Santuri zilizokaa miaka mingi chini ya paa la bati, tuseme hapa Sepuka, wilayani Ikungi, mara nyingi hutoka zimejikunja kama ungo. Vinaili huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60, na sanduku lililoachwa juani hufika huko bila shida. Ukiiweka santuri hiyo kwenye mashine, sindano inapanda na kushuka, wimbo unayumba. Je, kuikandamiza kwa kitu kizito kunasaidia?

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko vinaili. Gramafoni za Emile Berliner za miaka ya 1890 zilikuwa na kibano cha kukaza santuri katikati, maana santuri zilikuwa ndogo na nyepesi, na sindano iliweza kuzizuia zisizunguke. Baadaye zikaja nzito, za lakri, ule utomvu wa wadudu wa India. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, sauti yake iliingia kwenye santuri za aina hiyo, za mizunguko 78 kwa dakika. Sindano ilizikandamiza kwa zaidi ya gramu 100! Lakini uzito wa santuri na kitambaa kinene chini yake vilitosha kuishika. Kibano kikasahaulika.

Vinaili ilipoenea baada ya 1948, santuri zikawa nyepesi tena. Zile ndogo za mizunguko 45, zilizotoka kwa wingi Nairobi miaka ya 1960 na 1970, zina gramu 40 hivi. Basi vibano na vizito vikarudi, safari hii kama bidhaa za wapenda sauti safi.

Wauzaji husema kizito hutuliza mzunguko. Tupige hesabu. Chuma cha gramu 300 chenye nusu kipenyo cha sentimita 4, juu ya sahani ya mashine ya kilo 2 yenye sentimita 15, kinaongeza inesha kwa asilimia 1 tu. Yaani karibu hakuna kitu. Na kwenye mashine ndogo ya betri, uzito huo unaitesa mota bure.

Kwenye kujikunja ndiko kuna faida, ila ya upande mmoja. Santuri ikilala kama ungo uliofunikwa, katikati kumeinuka, kizito kinaishusha. Igeuze: sasa kingo ndizo ziko juu, na kizito cha katikati hakizifikii. Hapo kinahitajika kibano cha skrubu, na kiwasha chembamba chini ya lebo, ili ukikaza kingo zishuke.

Kuna pia wanaoweka sarafu, tena siyo juu ya santuri bali juu ya mkono wa sindano, isiruke. Mikono mingi ya kisasa hukandamiza kwa gramu 2 hivi. Sarafu ya gramu 5 inafanya ziwe 7. Sindano hairuki kweli, lakini inakwangua kuta za mfereji kila mzunguko. Kama wimbo huo haupo kwenye kanda wala kompyuta yoyote, toa sarafu, rekodi kwanza upande unaolala vizuri.