Handaki la Ngong na Abiria wa Kitengela

Tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ilipoanza safari za Suswa mwaka 2019, Kaunti ya Kajiado ina kitu ambacho miji mikubwa hujivunia: reli inayopita chini ya ardhi. Handaki la Ngong lina urefu wa takriban kilomita nne na nusu. Hata hivyo, mfanyakazi wa mji wa Kitengela, humo humo Kajiado, anayeamka alfajiri kwenda Nairobi bado hutegemea matatu na barabara ya Namanga. Wengi huona sababu ni umaskini wa nchi au ugumu wa kuchimba. Historia inatoa jibu jingine: reli, iwe ya juu au ya chini, humfuata yule aliyehesabiwa kuwa mteja wake tangu siku ilipochorwa.

Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa London Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon. Treni za umeme hazikuwepo bado. Injini za mvuke zilijaza moshi handakini. Uchimbaji wenyewe ulikuwa wa kawaida: barabara ilichimbwa mtaro, reli ikatandikwa, kisha juu pakafunikwa. Mtaro ulifuata barabara kwa sehemu kubwa kwa sababu kununua majumba ya katikati ya jiji kungegharimu mno. Charles Pearson, mwanasheria wa jiji, alikuwa ameupigania mradi huo kwa miaka mingi, akitaka wafanyakazi waweze kuishi mbali na msongamano na bado wafike kazini. Alifariki 1862, kabla hajaiona treni. Mtu anaweza kusema kwamba hapo hapakuwa na huruma yoyote, kwa kuwa nyumba za maskini wa bonde la Fleet zilibomolewa ili kuipisha reli hiyo. Ni kweli, na ndiyo sababu naipa sheria uzito kuliko nia njema. Mwaka 1883 Bunge la Uingereza lilizibana kampuni za reli ziwawekee wafanyakazi treni za nauli nafuu. Kuanzia hapo abiria wa kipato kidogo hakuwa tena mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa na sheria ya kushika mkononi.

Reli ya kwanza ya Kajiado ilikuwa na mteja mwingine kabisa. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na reli ya kutoka Konza kupitia mji wa Kajiado hadi Ziwa Magadi, karibu kilomita 150, ikakamilika 1915. Ilijengwa ili magadi yafike bandarini Mombasa. Miaka hiyohiyo wenye nchi walikuwa wakihamishwa. Mkataba wa 1904 ulikuwa umewatoa Wamaasai katika malisho yao ya Bonde la Ufa, ili ardhi iliyo karibu na Reli ya Uganda iachiwe walowezi. Mkataba wa 1911 ukawatoa Laikipia na kuwasukuma kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mikataba hiyo ilikuwa ya mataifa mawili, hivyo mahakama haikuwa na mamlaka ya kuihukumu. London, gharama ya mali ya watu iliilazimisha reli kushuka chini. Kajiado, mwenye ardhi alinyimwa hata wa kumsikiliza, na reli ikakata nyika kwa mstari uliolifaa ziwa na bandari.

Itasemwa kwamba Kitengela ya 1915 haikuwa na abiria wa kubeba. Ni sahihi: ilikuwa malisho na mapito ya wanyamapori. Lakini ranchi za kikundi zilianza kugawanywa miaka ya 1980, viwanda vya EPZ, vya bidhaa za kuuza nje, vikaja Athi River miaka ya 1990, na sensa ya 2019 ikahesabu watu zaidi ya 150,000 mjini Kitengela. Abiria walifika, stesheni haikuwafuata. Wala handaki la Ngong halikuchimbwa kwa ajili ya msongamano wa Rongai au wa Ngong. Vilima ndivyo vilivyoishusha reli chini, ikielekea kuteremka Bonde la Ufa. Stesheni zilijengwa njiani, ila reli yenyewe ilichorwa kwa safari ndefu na mizigo.

Hoja ya gharama ndiyo nzito kuliko zote, na Cairo inaijibu vizuri. Metro yake, ya kwanza barani Afrika, ilifunguliwa 1987 bila kuchimba jiji zima. Wajenzi walizichukua reli za zamani za vitongoji, ile ya Helwan upande wa kusini na ya El-Marg upande wa kaskazini, wakaziunganisha kwa handaki fupi lenye stesheni tano chini ya katikati ya jiji. Kenya ina reli kuukuu inayopita Athi River, jirani kabisa na Kitengela, na imekwisha kuchimba handaki la zaidi ya kilomita nne. Inachokosa ni sheria ya kumtanguliza abiria wa kila siku. NaMATA, mamlaka ya usafiri iliyoundwa 2017, inazihusu Nairobi, Kiambu, Machakos, Murang'a na Kajiado pamoja. Wabunge wa Kajiado wadai treni za wafanyakazi ziandikwe katika sheria, nauli na saa zake zikitajwa, kabla ya mradi mwingine wowote wa reli kupewa fedha.