Mpenzi, Mtalaka na Mwenzi wa Kazi: William Powell na Chimbuko la Jozi za Nyota wa Hollywood

Vitabu vingi vinavyohusu jozi za nyota wa Hollywood ya zamani huanzia chumbani. Msomaji huambiwa kwanza nani alimpenda nani na mke yupi aliachwa, ndipo filamu zinapoletwa kuthibitisha habari hizo. Humphrey Bogart na Lauren Bacall walipendana mwaka 1944 walipokuwa wakitengeneza *To Have and Have Not*, wakaoana Mei 1945. Basi tunachokiona kwenye filamu zao nne, tunaambiwa, ni mahaba yenyewe yaliyonaswa na kamera. Spencer Tracy na Katharine Hepburn walikuwa pamoja tangu enzi za *Woman of the Year* (1942) hadi Tracy alipofariki Juni 1967. Basi filamu zao tisa ni sura tisa za pendo moja. Makala haya yanadai kwamba hoja hiyo haina mizizi, na kwamba jozi ninayoipenda kuliko zote, William Powell na Myrna Loy, ndiyo inayoing'oa.

Nimesema ninayoipenda, wala sioni sababu ya kulificha hilo. Taaluma ya nyota wa filamu ilisimama juu ya mabega ya mashabiki, na orodha ya vipenzi vya mtu ni data kama data nyingine, mradi mwenyewe aseme ni yake na aitolee sababu. Yangu ni hii: Powell na Loy, kisha Fred Astaire na Ginger Rogers, kisha Clark Gable na Jean Harlow, Tracy na Hepburn wa nne, Bogart na Bacall wa tano. Nilipoitazama upya niliona jambo lililonisumbua. Jozi tatu za juu hazikutegemea mapenzi ya nje ya studio. Mbili za chini ndizo zinazosifiwa kwa mapenzi hayo. Huenda ni ukaidi wangu tu. Lakini huenda pia ni dalili ya jambo linaloweza kuchunguzwa.

Kuhusu namna nyota anavyotengenezwa hakuna ugomvi mkubwa. Tangu Richard Dyer achapishe *Stars* mwaka 1979, wengi wamekubali kwamba nyota ni taswira inayoundwa na filamu, matangazo, magazeti na wahakiki kwa pamoja. Na Jeanine Basinger, katika *The Star Machine* (2007), ameeleza kwa kina jinsi studio zilivyoiendesha mitambo hiyo. Ugomvi unaanza tunapotoka kwa nyota mmoja na kuingia kwa wawili. Martha Nochimson, katika *Screen Couple Chemistry* (2002), anawaweka Powell na Loy katika kundi dogo la jozi teule, pamoja na Johnny Weissmuller na Maureen O'Sullivan, Astaire na Rogers, na Tracy na Hepburn. Kwake, kati ya waigizaji hao kulikuwa na nguvu iliyofurika kuta za kanuni ambazo studio ilizijenga. Namshukuru kwa kuikataa simulizi ya chumbani. Lakini ameondoa fumbo moja na kuleta jingine. Nguvu yake haina fundi: haijulikani nani aliiwasha, kwa kifaa gani, wala kwa nini iliwaka katika filamu hii na kuzimika katika ile. Stanley Cavell naye, katika *Pursuits of Happiness* (1981), alichagua vichekesho saba vya wanandoa wanaoachana na kurudiana, akajenga juu yake falsafa nzima ya ndoa. Powell na Loy hawamo. Haishangazi, kwa sababu Nick na Nora Charles wa *The Thin Man*, wanandoa wanaowaigiza, hawaachani. Wanaanza filamu wakiwa na furaha na wanaimaliza hivyohivyo. Falsafa ya ndoa isiyo na nafasi kwa ndoa yenye furaha inanitia mashaka, ingawa Cavell mwenyewe ni mwandishi ninayemsoma kwa raha.

Ushahidi wangu mkuu ni mwanamume mmoja katika miaka miwili. Kati ya 1935 na 1936 Powell aliigiza na wanawake watatu ambao uhusiano wake na kila mmoja ulikuwa tofauti kabisa. Jean Harlow alikuwa mpenzi wake. Carole Lombard alikuwa mtalaka wake. Walioana 1931 wakaachana 1933. Myrna Loy alikuwa mwenzi wa kazi, basi. Mtafiti wa maabara asingeweza kupanga jaribio bora zaidi: mwanamume ni yuleyule, umri uleule, masharubu yaleyale, na kinachobadilika ni uhusiano tu. Kama mapenzi ya nje ndiyo chanzo, Harlow ndiye angeng'aa kando yake, Loy awe wa kati, na Lombard afifie.

Tuanze na mpenzi. Katika *Reckless* (1935), iliyoongozwa na Victor Fleming, kampuni ya MGM iliwapa Powell na Harlow nafasi za kwanza katika hadithi ya mwigizaji ambaye mumewe anajiua. Mume wa Harlow mwenyewe, Paul Bern, alikuwa amekutwa amekufa kwa risasi mwaka 1932. Studio, kwa maneno mengine, ilijaribu kuyauza maisha yenyewe: mapenzi ya kweli na msiba wa kweli katika tiketi moja. Filamu haikufanya vizuri, na leo huwatoka hata mashabiki wa Harlow wanapotaja kazi zake bora. Ni nzito, inatembea kama iliyovaa viatu vya kuazima, na wawili hao wanapokuwa pamoja wanaheshimiana kupita kiasi.

Mtalaka sasa. Katika *My Man Godfrey* (1936) ya Gregory La Cava, Powell ni mtu wa jalalani anayeajiriwa kuwa mtumishi katika nyumba ya matajiri wehu, na Lombard ni binti mdogo anayempenda bila breki. Powell ndiye aliyetaka Lombard apewe nafasi hiyo. Wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar, pamoja na wasaidizi wao Mischa Auer na Alice Brady. Talaka haikuwapunguzia kitu. Ningethubutu kusema iliwaongezea, kwa kuwa Lombard anamkimbilia Powell kama mtu asiyeogopa tena kuonekana mjinga mbele yake, lakini hiyo ni tafsiri yangu na sina njia ya kuithibitisha.

Jaribio lenyewe hasa limo katika *Libeled Lady* (1936) ya Jack Conway, ambamo mpenzi na mwenzi wa kazi wanakutana katika filamu moja. Gazeti limeandika kwamba Connie Allenbury, binti wa tajiri, amevunja ndoa ya watu. Binti anashtaki na kudai fidia ya dola milioni 5. Mhariri Warren Haggerty, anayeigizwa na Spencer Tracy, anamkodi Bill Chandler (Powell) amnase Connie ili ionekane kweli anachukua waume za watu. Chandler hana mke. Haggerty anamkopesha wake mtarajiwa, Gladys, ambaye ameahirishiwa harusi hata amechoka. Harlow aliitaka sehemu ya Connie, ambaye mwishoni ndiye anayempata Powell. Studio ilikataa, kwa kuwa watazamaji walikuwa wamekwisha kumzoea Powell akiwa na Loy, na Harlow akapewa Gladys.

Ndipo linapokuja onyesho la harusi ya bandia. Gladys anambusu bwana harusi kama anayebandika stempu, kisha anamgeukia Haggerty, msimamizi wa harusi, na kumbusu hadi mfungishaji ndoa anabaki ameduwaa. Mara tano au mara kumi utakazoitazama sehemu hiyo utacheka vilevile, na hutakumbuka hata kidogo kwamba mwanamke huyu, siku alipoigiza hayo, alimpenda huyo aliyempa busu la stempu na kwamba Tracy hakuwa wake. Mapenzi ya kweli yalikuwepo mbele ya kamera, umbali wa pua na pua, na kamera haikuyaona. Iliona kilichoandikwa na kilichoigizwa.

Linganisha na safari ya kuvua samaki. Chandler amejifanya bingwa wa uvuvi ili ampendeze baba wa Connie, na sasa yuko mtoni akiteleza, akizama, huku kitabu cha maelekezo kikimponyoka. Powell anafanya kazi yote ya mwili. Lakini onyesho lingekuwa sarakasi tupu kama Loy asingekuwepo kutazama. Anachokifanya ni kidogo mno: uso unaoanza na dharau, unaopata shaka, unaoanza kufurahi kabla mwenyewe hajaruhusu. Baadaye Connie, akiwa tayari amenusa uongo, ndiye anayependekeza wafunge ndoa papo hapo, na tunaamini kabisa kwamba huyu ndiye mwanamke wa kumtoa Chandler kwenye hila zake. Watu wa wakati ule waliamini zaidi ya hapo. Loy ameeleza katika tawasifu yake ya 1987 kwamba walipokwenda San Francisco kupiga *After the Thin Man*, hoteli iliwapangia yeye na Powell chumba kimoja kama mume na mke. Harlow alikuwa amefuatana nao. Wanawake wakakaa pamoja, Powell akatafutiwa chumba kingine.

Kama si mapenzi, ni nini? Jibu langu lina sehemu mbili, na ya kwanza ni ya kiufundi. Mwongozaji wa *The Thin Man*, W. S. Van Dyke, alijulikana kwa kupiga onyesho mara moja na kusonga mbele. Onyesho la kwanza la Powell na Loy katika *Manhattan Melodrama* (1934) lilipigwa kabla hata hawajatambulishana. *The Thin Man*, mwaka huohuo, ilikamilika kwa muda usiozidi wiki tatu, kwa kuwa mkuu wa MGM, Louis B. Mayer, alimtoa Loy kwa sharti kwamba awahi kuanza *Stamboul Quest*. Kasi hiyo ilizuia jambo moja: kila mwigizaji kupewa picha yake ya karibu, kusifiwa, kupigwa tena. Wawili walilazimika kukaa ndani ya fremu moja na kujibizana palepale, na aliyekuwa hasemi alikuwa anaonekana akisikiliza. Loy, ambaye miaka iliyotangulia alikuwa akipewa sehemu za wanawake hatari wa Mashariki kama ile ya *The Mask of Fu Manchu* (1932), alikuwa msikilizaji hodari kuliko wote niliowahi kuwaona. Asubuhi ya Krismasi, Nick anapolala kwenye kochi akipasua vipulizo vya mti kwa bastola ya hewa, Nora ameketi na koti lake jipya la manyoya akimvumilia. Ndoa yao yote imo katika uvumilivu ule.

Sehemu ya pili ni ya kalamu. Mswada wa *The Thin Man*, kutoka riwaya ya Dashiell Hammett, uliandikwa na Albert Hackett na Frances Goodrich, mume na mke, ambao Van Dyke aliwaagiza nguvu waziweke kwenye maonyesho ya wanandoa na upelelezi uwe kisingizio. *Adam's Rib* (1949) na *Pat and Mike* (1952), filamu bora za Tracy na Hepburn kwa maoni yangu, ziliandikwa na Garson Kanin na Ruth Gordon, nao mume na mke. Kabla ya hapo Tracy na Hepburn, wakipendana vilevile, walitoa *The Sea of Grass* (1947), filamu kavu kama jina lake. Ningependa sana kudai kwamba ndoa tunayoiona kwenye filamu ni ya waandishi. *Libeled Lady* inanizuia, maana iliandikwa na watu watatu ambao hawakuwa na ndoa baina yao.

Bogart na Bacall wanaonekana kuwa kikwazo kikubwa zaidi, lakini kumbukumbu za studio ziko upande wangu. *The Big Sleep* ilikuwa imekamilika mwaka 1945. Wakala wa Bacall, Charles Feldman, alilalamika kwa mkuu wa studio, Jack Warner, kwamba sehemu zake zingemharibia jina, na Januari 1946 yakapigwa maonyesho mapya, likiwemo lile la mazungumzo ya farasi wa mashindano lililojaa mafumbo ya kitandani. Toleo la awali lilirudi kuonyeshwa 1997, nasi tunaweza kulinganisha. Watu ni walewale, mapenzi ni yaleyale, ila moto uko katika toleo la pili tu. Uliongezwa kwa kalamu.

Gable anatoa ushahidi wa namna hiyohiyo, na kwa msomaji wa huku una ladha ya nyumbani. *Red Dust* (1932), aliyoigiza na Harlow, ilitengenezwa upya kama *Mogambo* (1953), ikapigwa Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya John Ford. Mwandishi John Lee Mahin ni yuleyule. Habari zilizovuma kutoka kambini zilimhusisha Gable na Grace Kelly. Uhai wa filamu, hata hivyo, uko kwa Gable na Ava Gardner, aliyerithi maneno makali ya Harlow na kupata uteuzi wa Oscar kwa hayo.

Pingamizi moja siwezi kulipita. Studio zilikuwa na waandishi wazuri, waongozaji wa kasi na mikataba ya miaka saba, na bado jozi nyingi walizozipanga zilipoa. Kwa hiyo kalamu na fremu hazitoshi. Lazima wawepo wawili wanaojua kusikilizana. Hapo Nochimson anaweza kusema nimemrudisha mlangoni kwake, nami nitamjibu kwamba kusikiliza ni ufundi unaofundishika na kuonekana, na unaweza kupimwa fremu kwa fremu. Astaire hakumwachia Rogers wala bahati: ngoma zao zilisukwa kwa majuma ya mazoezi, mara nyingi mtunzi wa ngoma Hermes Pan akishika nafasi ya Rogers hadi hatua zikae.

Bado hatuna desturi ya kuupima ufundi huo, na tuzo hazikuwahi kuuona. Powell aliteuliwa kuwania Oscar mara tatu. Loy, katika filamu 14 walizoonekana pamoja na nyingine zote alizofanya, hakuteuliwa hata mara moja. Alipewa Oscar ya heshima mwaka 1991, miaka saba baada ya Powell kufariki.