Setilaiti na Amana ya Habari

Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari uliunganisha Unguja na Aden, na neno ambalo zamani lilingoja msimu wa upepo likawa linafika kwa muda mchache. Baadaye ikaja Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, nayo ikapita hapa kwetu Gulwe. Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa thamani ya habari. Kipande cha njia baina ya Kilosa na Gulwe kimesombwa na mafuriko mara nyingi. Mto ukishakula tuta, salama ya abiria haimo tena katika nguvu ya injini, bali imo katika neno moja: njia imekatika, zuia treni. Neno hilo likifika kwa mtu akalikalia, waya mzuri hautamfaa abiria kitu.

Ndugu msomaji, kwa mizani hiyo hiyo natupime historia ya vyombo vya angani, maana historia hiyo nayo imepita kwetu.

Tarehe 14 Oktoba 1960 serikali za Uingereza na Marekani zilitiliana mkataba wa kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya angani, katika mpango ulioitwa Mercury. Kituo kilijengwa Tunguu. Wakati ule msafiri wa angani aliweza kuzungumza na watu wa chini pale tu alipokuwa akipita juu ya kituo, na kwa dakika chache tu. Kwa hivyo vituo vilipangwa kuizunguka dunia kama shanga katika uzi: Kano katika Nigeria, kisha Unguja, kisha meli katika Bahari ya Hindi, kisha Australia. Kila kituo kilipokea habari za mapigo ya moyo wa msafiri na hali ya chombo chake, kikampokeza mwenzake.

Wananchi wengi hawakuyaamini hayo. Chama cha ZNP kilikipinga kituo, na ikaenea hofu kuwa ni mahali pa makombora ya vita. Tusiwacheke. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na waliotia sahihi walikuwa wakubwa wa mbali. Mtu asiyeshirikishwa katika jambo la nyumbani kwake hujaza kwa hofu pale palipokosekana habari. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitaka kituo kiondolewe, na mwezi Aprili mwaka ule mambo yakaishia hapo.

Lakini kabla ya hapo kituo kilifanya kazi yake. Tarehe 20 Februari 1962 Mmarekani John Glenn aliizunguka dunia mara 3, akipita juu ya Kano na Unguja. Alipokuwa katika mzunguko wa pili, chombo kilileta ishara kuwa ngao ya kuzuia moto imelegea. Kama ingekuwa kweli, angeungua wakati wa kurudi. Wakubwa waliokuwa chini waliviagiza vituo vimwulize Glenn maswali juu ya swichi fulani, bila ya kumweleza sababu. Yeye aliyekuwa amebeba roho yake mkononi akawa wa mwisho kuambiwa. Alishuka salama, ikaonekana ngao ilikuwa imara na kasoro ilikuwa katika kile kilicholeta ishara. Hata hivyo Glenn alisema wazi kuwa msafiri ana haki ya kuambiwa habari ya chombo chake.

Zikaja setilaiti za mawasiliano. Iliyo juu ya ikweta kiasi cha kilomita 36,000 huzunguka kwa siku moja sawasawa na dunia, hata kwa mtu wa chini huonekana kama imesimama. Ya kwanza kupelekwa kwenye mzunguko wa namna hiyo, Syncom 1, ilinyamaza mwezi Februari 1963 mara baada ya kurushwa. Ya pili ilifaulu, na tarehe 23 Agosti 1963 Rais Kennedy alizungumza kwayo na Waziri Mkuu wa Nigeria, Alhaji Abubakar Tafawa Balewa, mtu aliyeanza maisha yake kwa kazi ya ualimu.

Mwishoni mwa Ramadhani ya mwaka 1405, yaani Juni 1985, Mwislamu wa kwanza alisafiri angani. Naye ni Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, aliyepanda chombo Discovery kilichopeleka setilaiti ya Arabsat ya nchi za Kiarabu. Alirudi salama. Lakini maroketi ya kusukumia vyombo vile yalikuwa na aibu iliyojulikana: pete za mpira zilizoziba maungio yake zilikuwa zimeonekana zimeliwa na moto katika safari zilizotangulia.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 mainjinia wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza maroketi hayo, walionya kwa simu kuwa chombo Challenger kisirushwe katika baridi ile, kwani mpira ukiganda hauzibi. Roger Boisjoly alikuwa mmoja wao. Wakubwa wa kampuni waliposhindiliwa maswali walibadili shauri wakatoa idhini, na wale waliokuwa na kauli ya mwisho ya kurusha hawakufikishiwa pingamizi hilo. Kesho yake chombo kilipasuka baada ya sekunde 73. Watu 7 walikufa, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, aliyekuwa awafundishe watoto kutoka angani.

Zingatia shehena iliyokuwamo: setilaiti ya mawasiliano, ya aina iliyokusudiwa kuchukua kazi ya vituo vya chini mfano wa kile cha Tunguu. Chombo kilichobeba ufundi wa kufikisha maneno duniani kote kiliangamia kwa sababu neno moja halikufikishwa.

Wako wasemao kuwa hayo ndiyo malipo ya kupenda kupanda juu. Sivyo. Tarehe 24 Juni 2002, baina ya Igandu na Msagali, jirani zetu hapa, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikagongana na ya mizigo, wakafa watu 281. Wale hawakutaka nyota. Walitaka kufika makwao. Hatari imo katika kila safari, na Mwenyezi Mungu hakuwakataza waja wake kusafiri.

Lililo juu yetu ni amana. Anayejua kasoro aiseme, hata wakubwa wakikunja uso. Anayeambiwa asiimeze kwa kuogopa ratiba au hasara. Na mwenye roho yake ndani ya chombo, kiwe cha angani au behewa la daraja la tatu, asifichwe. Leo kila kijana ana simu kiganjani, na neno la Gulwe hufika Maskati kabla mtu hajameza mate. Njia ya habari imefupika sana. Kipande kigumu kimebaki kile kile cha zamani, baina ya moyo unaojua na ulimi unaopaswa kusema.